Nimekariri visababishi vyote vya kuvimba miguu, lakini siwezi kueleza kwa nini mguu unavimba. Nisomeje patholojia?

Mwanafunzi_Utabibu

Nawasalimu nyote, hasa walimu na wakubwa zangu katika fani hii.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Stashahada ya Utabibu katika chuo kimoja cha mkoani. Muhula huu tumeanza somo la patholojia, yaani jinsi magonjwa yanavyouharibu mwili, na kwa mara ya kwanza tangu nianze shule nimeona kwamba njia yangu ya kusoma haitoshi. Kidato cha nne nilifaulu biolojia kwa kukariri, na katika anatomia nikaendelea vivyo hivyo: ukijua jina la mfupa, mahali ulipo na misuli inayoshikamana nao, umemaliza. Patholojia imenikatalia.

Katika mtihani wa katikati ya muhula tuliulizwa swali ambalo sijaweza kulisahau: eleza kwa nini mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri huvimba miguu, na uvimbe huo huzidi jioni, ilhali mtoto mwenye ugonjwa wa figo unaopitisha protini kwenye mkojo huamka asubuhi akiwa amevimba uso, hasa kuzunguka macho. Niliandika kurasa mbili. Nilitaja moyo, figo, ini, utapiamlo, ujauzito, matende na damu kuganda katika vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mguu. Sikuacha hata kisababishi kimoja tulichofundishwa darasani. Nilipata alama 4 kati ya 20, na pembeni mwalimu aliandika: "Umeorodhesha, hujaeleza."

Nilikwenda kumwona, akanishauri nirudie fiziolojia, yaani jinsi mwili wenye afya unavyofanya kazi. Nimeirudia. Moyo nauelewa, figo naielewa, kila sura naielewa ikiwa peke yake, lakini nikikutana na mgonjwa mmoja mwenye dalili tatu, sura hizo haziungani. Tena vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na mara nyingi najikuta nimeshika sentensi nzima bila kujua kama nimeelewa jambo lenyewe au nimezoea tu sauti ya maneno yake.

Naomba mnieleze, kwa mtu anayeanza, namna ya kujifunza jinsi ugonjwa unavyotembea ndani ya mwili tangu chanzo hadi dalili. Na ikiwa kuna atakayekubali kulichukua swali hilo la uvimbe akanionyesha jinsi yeye angelifikiri, atakuwa amenisaidia sana. Muhula ujao tunaanza kuingia wodini, na ninaogopa kusimama mbele ya mgonjwa nikiwa na orodha tu kichwani.

Mkufunzi_Mstaafu

Mwanangu, alama hizo 4 zisikuvunje moyo. Nilifundisha somo hili miaka mingi kabla ya kustaafu, na mwanafunzi niliyemhofia zaidi alikuwa yule aliyepata 18 kwa kukariri, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hajaelewa mpaka siku alipojikuta peke yake katika zamu ya usiku.

Ulianzia kwenye majina ya magonjwa ukateremka hadi kwenye dalili. Jaribu kwenda kinyume chake. Mwili una njia chache za kuharibika, na magonjwa mengi hupita katika njia hizo hizo. Uulize mguu wenyewe: umejaa nini? Umejaa maji. Maji hayo jana yalikuwa wapi, na ni nini kilichokuwa kikiyazuia yasitoke huko? Ukishakijua kilichokuwa kikiyazuia, utaweza kuhesabu mwenyewe njia ambazo yangeweza kutoka.

Yalikuwa ndani ya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, nao hupitisha maji kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho: hauvuji, lakini ukiupapasa kwa nje una unyevu. Mwaka 1896 mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alionyesha kwamba unyevu huo unatawaliwa na nguvu zinazoshindana. Shinikizo la damu ndani ya kapilari husukuma maji kwenda nje. Protini za plazma (sehemu ya majimaji ya damu), hasa albumini, ni kubwa mno kupenya ukutani, kwa hiyo hubaki ndani zikiyavuta maji, na mvuto huo una nguvu ya takribani milimita 25 za zebaki, kipimo cha shinikizo. Yanayotoka huwa mengi kidogo kuliko yanayorudi, na ile ziada hukusanywa na mishipa ya limfu, ikarudishwa kwenye vena kubwa zilizo karibu na shingo.

Sasa angalia kwamba maji yanaweza kujaa katika tishu kwa njia nne: shinikizo limepanda, protini zimepungua, ukuta umelegea ukapitisha hata protini, au mishipa ya limfu imeshindwa kuyaondoa. Ichukue orodha yako ya kurasa mbili uipitishe hapo. Damu iliyoganda katika vena ya mguu mmoja inapandisha shinikizo nyuma yake, ndiyo maana mguu huo huvimba peke yake. Jipu, au jeraha lililoingia bakteria, hufanya seli za kinga zimwage kemikali kama histamini, ukuta ukaachia nafasi kati ya seli na seli, protini zikatoka na maji yakazifuata. Hapo utaona wekundu, joto na maumivu pamoja na uvimbe. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo yuko katika njia ya pili. Chujio la figo yake ni kama kifumbu kilichochanika: ulikitegemea kizuie machicha, sasa machicha yanateremka pamoja na tui. Albumini inaishia kwenye mkojo, ini linatengeneza nyingine lakini halifiki, na mvuto ndani ya mishipa unapungua.

Kwa mgonjwa wa moyo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Utaambiwa kwamba moyo umedhoofu, damu inachelewa kupita, shinikizo la vena linapanda, maji yanatoka. Ni kweli, lakini jaribu kupiga hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 ana takribani lita 3 za plazma. Mgonjwa wa moyo anaweza kuongezeka kilo 5 au zaidi kwa maji peke yake. Kama maji hayo yote yangetoka katika plazma, mishipa ingebaki mitupu naye angekufa kabla viatu havijambana. Basi yametoka wapi?

Yametoka kwenye figo. Figo haina macho. Inachojua ni kiasi cha damu kinachoifikia. Moyo dhaifu unapoipelekea damu kidogo, figo huchukulia kwamba mwili umepoteza maji, kama vile mtu ametoka damu au ameharisha. Inatoa kimeng'enya cha renini, homoni ya angiotensini inaundwa, homoni ya aldosteroni inapanda, na chumvi iliyokuwa itoke kwenye mkojo inarudishwa mwilini pamoja na maji. Utaratibu huo huo unaomwokoa mama aliyetokwa damu wakati wa kujifungua ndio unaomzamisha mgonjwa wa moyo, maana kila tone linaloongezwa linakwenda kupandisha shinikizo ambalo tayari lilikuwa juu. Ukilielewa hili, utajua bila kuambiwa kwa nini mgonjwa huyo hukatazwa chumvi, na kwa nini dawa zake nyingi hulenga figo na homoni hizo badala ya moyo peke yake.

Sehemu ya jioni na asubuhi nakuachia uimalize mwenyewe. Fikiria mahali mgonjwa alipokuwa na namna alivyokaa saa nane zilizotangulia, kisha utuandikie hapa.

Muuguzi_Wodi_ya_Lishe

Shikamoo, Mwalimu. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na yamenikumbusha siku zangu chuoni. Naomba niongeze jambo kutoka wodini, kwa sababu mdogo wangu huyu anaweza kuichukua njia ya pili akaitumia mahali ambapo peke yake haitoshi.

Sisi tunapokea watoto wenye kwashakoo, aina ya utapiamlo mkali: miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka, mtoto hataki hata kutazamwa. Chuoni tulifundishwa kwamba hakula protini, albumini ikashuka, maji yakatoka. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona jambo lisilolingana na maelezo hayo, na baadaye nikakuta watafiti nao wameliona: mtoto akianzishiwa maziwa ya tiba, ambayo katika hatua ya kwanza yana protini kidogo, uvimbe hupungua kabla albumini haijapanda. Isitoshe, wako watoto waliokonda hadi mifupa ambao hawakuvimba kabisa ingawa nao walikosa chakula. Kwa hiyo albumini ina sehemu yake, lakini kuna mengine yanayotendeka katika seli na katika kuta za mishipa ya mtoto huyo.

Nalisema hili kwa sababu lina matokeo kwa mgonjwa. Anayeona uvimbe na kuwaza "maji yamezidi, tuyatoe" atampa mtoto wa kwashakoo dawa ya kukojosha, na miongozo ya matibabu inakataza jambo hilo waziwazi, kwani mtoto huyo ana upungufu mkubwa wa potasiamu na damu yake inayozunguka inaweza kuwa haitoshi. Uvimbe wake hutibiwa kwa kumlisha taratibu. Nimeshuhudia mtoto aliyepewa dawa hiyo kabla ya kuletwa kwetu, na nisingependa mwanafunzi yeyote ajifunze kwa namna hiyo. Unapounda mnyororo wako wa sababu, ndugu yangu, uulize kila kiungo kama mgonjwa uliye naye anakubaliana nacho.

Msomaji_wa_Fiziolojia

Namuunga mkono Mwalimu, nina rekebisho moja na neno moja la kutetea kukariri.

Rekebisho ni kuhusu kapilari. Vitabu vingi vya mwanzo vinachora mshale wa maji ukitoka upande wa ateri na mwingine ukirudi ndani upande wa vena. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba, katika tishu nyingi, hali ikiwa imetulia, kurudi huko upande wa vena hakutokei kwa kiasi tulichodhani; maji hutoka taratibu katika urefu wote wa kapilari, na karibu yote hurudi kwa njia ya limfu. Nguvu alizozieleza Starling zipo, ila utando mwembamba wa sukari na protini unaofunika ukuta kwa ndani umebadilisha hesabu yake. Katika mtihani wa mwaka wa kwanza mchoro wa zamani bado utakufaa, lakini uipe limfu uzito kuliko kitabu chako kinavyoipa. Vilevile, kwa mtoto wa figo, usidhani ni albumini tu: figo iliyougua yenyewe hushikilia chumvi kupita kiasi, na kwa baadhi ya wagonjwa hilo ndilo kubwa zaidi.

Kuhusu kukariri, wako wanaowaambia wanafunzi waache kabisa. Sikubaliani nao. Hutaweza kufikiri juu ya albumini iliyoshuka kama hukumbuki kwamba ya kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita, wala hutaona kwamba mgonjwa anapumua haraka kama hujui mtu mzima hupumua mara ngapi kwa dakika. Viwango vya kawaida, majina ya homoni na kazi zake, na maana ya vipande vya maneno ya Kigiriki na Kilatini vinavyorudi kila ukurasa, hivyo vikariri bila huruma. Visivyokaririwa ni visababishi na dalili, kwa sababu hivyo vinatakiwa vizaliwe na maelezo.

Tabibu_wa_Pwani

Mimi ninafanya kazi ya utabibu mkoa wa Tanga, na nimefurahi kuona matende yametajwa, ingawa yamepitiwa haraka. Huku kwetu si mfano wa kitabuni. Kuna wazee vijijini ambao watu huwatambua kwa mguu kabla ya jina.

Ni njia ya nne ya Mwalimu. Mbu huingiza viluwiluwi vya mnyoo, vinakomaa ndani ya mishipa ya limfu, na minyoo wakubwa hukaa humo miaka kadhaa. Wanafunzi wengi hudhani minyoo huziba mshipa kama taka zinavyoziba mtaro. Kinachoanza ni tofauti: mshipa unatanuka, vali zake zinashindwa kufunga, na limfu inakosa nguvu ya kupanda. Mguu ukibaki na limfu iliyotuama, kila mchubuko mdogo na kila ukungu kati ya vidole unakuwa mlango wa bakteria. Mgonjwa hupata homa na mguu kuwaka moto kwa siku kadhaa, na kila shambulio la namna hiyo huharibu mishipa zaidi na kuacha nyama ngumu chini ya ngozi. Hiyo ndiyo sababu uvimbe wa mwanzo ukiubonyeza hubaki shimo, lakini mguu wa mzee aliyeugua miaka 20 unaubonyeza na kidole hakiingii.

Ukiielewa hatua hiyo ya bakteria, ushauri unaoonekana mdogo mno kwa ugonjwa mkubwa namna hii unapata maana: kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri hadi kati ya vidole, kutibu michubuko na kuuinua mguu wakati wa kulala. Mguu hautarudi kama zamani, lakini mashambulio yanapungua na mtu anarudi shambani. Wagonjwa wangu hawakunisikiliza nilipokuwa ninawaambia tu "osha mguu". Walianza kunisikiliza nilipowaeleza kwa nini.

Na hapo ndipo ningependa kukujibu kuhusu Kiingereza. Kila jioni chukua ugonjwa mmoja mliosoma, funga kitabu, umweleze mama yako au mtu yeyote wa nyumbani ambaye hakusomea afya, kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi dalili. Pale utakapokwama na kutaka kusema neno la kitabuni ili upite, ujue hapo hujaelewa. Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa huyo mdudu ameshakufa, mbona mguu haupungui?" Nilikuwa na miaka miwili kazini, nami sikuwa na jibu. Nilirudi kusoma kwa sababu yake.

Mwanafunzi_Utabibu

Shikamooni. Sijui niwashukuru vipi. Nimekaa na majibu yenu siku tatu, na jana usiku nilimweleza dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, swali lote la mtihani. Alinikatiza mara nne. Haya ndiyo niliyoyafikia, naomba mnisahihishe.

Mgonjwa wa moyo anashinda amekaa au amesimama. Shinikizo katika vena zake tayari liko juu, na uzito wa damu yenyewe kutoka kifuani hadi miguuni unaongezeka juu yake. Nimesoma kwamba mtu mzima akisimama bila kusogea, shinikizo katika vena za unyayo hufikia takribani milimita 90 za zebaki. Moyo ukishindwa kusukuma, damu inarudi nyuma hadi miguuni, maji yanatoka kwenye kapilari, na kufikia jioni viatu vinabana. Usiku akilala, miguu iko sawa na moyo, maji yanarudi polepole kwenye mzunguko, kwa hiyo asubuhi miguu imepungua. Dada yangu akaniuliza maji hayo yakirudi yanakwenda wapi, na kwa kujaribu kumjibu nikagundua kwa nini mgonjwa huyo huamka usiku kukojoa, na kwa nini anaweza kuamka akihema saa chache baada ya kulala: moyo ule ule dhaifu umeletewa mzigo ambao hauwezi kuubeba, na mapafu yanajaa. Ndiyo maana hulalia mito mingi, na kwa kuwa kichwa kiko juu, uso wake hauvimbi.

Mtoto wa figo moyo wake ni mzima. Analala chali au kifudifudi usiku kucha bila shida ya kupumua, na mvuto wa protini umepungua mwili mzima, kwa hiyo maji hutoka popote palipo na nafasi. Ngozi inayozunguka macho ni laini na imelegea, ndipo yanapojikusanya. Akiamka na kucheza, maji yanateremka, uso unapungua na miguu inaanza kujaa.

Mkufunzi_Mstaafu

Mwanangu, ningekupa 17. Swali la dada yako kuhusu maji yanakwenda wapi lilikuwa zuri kuliko langu, nawe umelijibu vizuri.

Alama 3 nimezizuia kwa sentensi moja: "damu inarudi nyuma hadi miguuni." Hairudi. Vena za miguu zina vali, na damu inaendelea kwenda mbele kuelekea moyoni, ila inachelewa kuingia. Fikiria foleni kwenye kivuko: gari lililo mwisho wa foleni halikurudi nyuma, lilifika likakuta waliotangulia hawajavuka. Kinachorudi nyuma ni shinikizo. Ukiandika kwamba damu yenyewe inarudi, utashindwa kueleza kwa nini ini la mgonjwa huyo pia limevimba na linauma ukilibonyeza, na kwa nini vena za shingo yake zimejaa ingawa shingo iko juu ya moyo.

Na kwa kuwa unaingia wodini muhula ujao, kuna jambo linalotokana moja kwa moja na ulichoandika kuhusu mahali mgonjwa alipokaa. Mgonjwa wa moyo aliyelazwa kitandani wiki nzima, miguu ikiwa imenyooshwa na kuinuliwa, anaweza kuwa na miguu iliyokonda. Utaandika kwenye faili kwamba hana uvimbe, nawe utakuwa umekosea. Mwombe ruhusa, mgeuze upande taratibu, kisha bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya matako, uhesabu sekunde chache kabla ya kuachia. Maji yake yatakuwa yamejaa hapo.